Pazia la Bi Aisha na Ghala la Cape Town

Kila mwaka, tukifika kwenye hadithi inayosema kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha, wanafunzi wangu wa madrasa huinua macho. Hawanitazami mimi. Wanatazama ukuta wa nyuma, palipotundikwa kalenda ya mfadhili wetu, muuza simiti, sura yake ikiwa imechapwa juu ya miezi yote kumi na miwili. Hakuna anayeuliza. Wamelelewa vizuri. Nami husonga mbele kwenye hadithi inayofuata, na muuza simiti hubaki ukutani akitabasamu.

Kwetu Mombasa swali la picha halikupata jibu, lilichoka tu. Bibi yangu alikataa kupigwa picha mpaka ilipobidi achukue kitambulisho. Mamangu alikubali, ila picha za harusi yake zilikaa kabatini chini ya mashuka, zikitolewa akija mgeni wa kike na kurudishwa kabla ya adhana. Mimi simu yangu imejaa wajukuu, na nikiswali huwa iko kando ya mswala, imefunikwa kifudifudi. Fatwa zipo za kila upande, na kila mtu huokota ile inayomwacha pale alipo. Sisemi ni vibaya. Nasema hatujiulizi tena kilichokuwa kikikatazwa ni nini hasa, na kwa nini.

Mimi swali hilo nililiuliza upya nikiwa mbali na nyumbani. Binti yangu ameolewa Cape Town, Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu ulio chini ya Signal Hill, kwa watu wa madhehebu ya Shafi kama sisi. Waislamu wa mwanzo wa mji ule hawakuja kwa hiari. Wadachi waliwaleta kuanzia karne ya 17, watumwa na wafungwa wa kisiasa, kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska, na wengine wakaletwa kutoka huku kwetu upande wa Msumbiji. Nilipowasikia wakisoma kunuti ya alfajiri, nikahisi nimo Kibokoni kwetu Mombasa, isipokuwa baridi.

Jumatano moja asubuhi binti yangu aliniambia, "Mama, chukua pasipoti, nikupeleke ukaone ghala." Ananijua. Angesema sanaa ningesingizia magoti. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa bandari Kilindini, na ghala ni kitu ninachokielewa. Pasipoti ni kwa sababu siku ile, asubuhi, raia wa nchi za Afrika walikuwa wakiingia bure.

Ghala lenyewe liko ukingoni mwa bandari, kule ambako zamani mahindi na nafaka za bara zilifika kwa reli kungoja meli. Lilikamilika mwaka 1924. Mnara wake una mita 57, na wakati ule ulitajwa kuwa ndio jengo refu kuliko yote kusini mwa Sahara. Kisha yakaja makontena, kazi ikapungua, na mwaka 2001 likafungwa kabisa. Mwaka 2017 likafunguliwa tena likiwa na jina jipya, Zeitz MOCAA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Afrika na ya watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika duniani.

Mbunifu aliyepewa kazi, Mwingereza Thomas Heatherwick, alikuta jengo lisilo na vyumba. Ndani mlikuwa na mirija 42 ya zege, imesimama wima, imebanana, kila mmoja mrefu na mtupu. Alichofanya ni kuchukua punje ya hindi, akaliweka umbo lake kwenye kompyuta, akalikuza mpaka likawa la ghorofa kadhaa, kisha akalikata umbo hilo ndani ya mirija. Ukiingia unasimama ndani ya punje. Mirija imekatwa mshazari juu yako, kingo za mkato zimesuguliwa zikang'aa, na ndani ya zege unaziona kokoto za miaka mia iliyopita, nyeupe na kahawia.

Baba yangu alikuwa fundi wa nakshi, mtu wa Lamu, na kwa muda nilisahau kilichonileta nikawa nautazama mkato tu. Kazi ya nakshi ni kuondoa. Hakuna kuongeza, hakuna kurudisha. Patasi ikipita imepita. Baba alichonga milango maisha yake yote: majani, maua, minyororo, mistari inayojizungusha. Ndege hakuchonga. Mzungu mmoja aliwahi kumpa fedha nyingi amchongee tausi kwenye kizingiti, baba akamchongea mzabibu mzuri kuliko wote aliowahi kuuchonga, akampunguzia na bei. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa zege. Mlinzi aliniona na hakusema kitu.

Ghorofani alisema. Kulikuwa na maonyesho yaliyoitwa When We See Us, ya uchoraji wa watu weusi uliofanywa na watu weusi wenyewe kwa muda wa miaka mia hivi. Aliyeyaandaa ni Koyo Kouoh, mzaliwa wa Kameruni, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa makumbusho mpaka alipofariki mwaka 2025, pamoja na msaidizi wake Tandazani Dhlakama. Wachoraji zaidi ya mia: Afrika Kusini, Kongo, Ghana, Marekani, Karibiani. Na takriban kila picha ina mtu. Watu wanakula, wanasuka nywele, wanacheza dansi, wamelala kwenye kochi, wanaomba. Sijapata kutazamwa na nyuso nyingi kiasi kile bila hata mmoja kunisalimu. Nilisogea kwenye picha ya Amoako Boafo, Mghana anayepaka rangi ya ngozi kwa ncha za vidole, nikitaka kuona alama za vidole vyenyewe, na hapo mlinzi akaniomba kwa upole nirudi nyuma hatua moja.

Nikarudi. Nikawatazama wengine waliokuwa mle, na nikaona kuwa wote wamerudi hatua moja. Wamesimama wima, mikono nyuma au mbele ya tumbo. Wananong'ona. Mtoto akipaza sauti mamake anamziba mdomo. Wanakwenda kutoka picha hii hadi ile kwa mwendo wa pole, wanasimama, wanainamisha kichwa kusoma kijikaratasi, wanainua, wanasogea. Mwalimu wa dini hahitaji kuambiwa anachokiona.

Nikakumbuka kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita, Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri, alizuru Sicily na kuona jinsi watu wa kule wanavyohifadhi picha na sanamu za kale. Aliandika kuhusu jambo hilo, na makala ikachapishwa mwaka 1904 katika Al-Manar, jarida la Cairo lililosomwa mpaka kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa mmoja wa waliolelewa na fikra za Abduh. Hoja ya Abduh ni nyepesi kueleza. Picha zilikatazwa wakati ambapo watu waliziabudu, au walikuwa wametoka kuziabudu juzi tu. Hatari hiyo imekwisha. Picha sasa ni hazina ya elimu, inahifadhi sura na hali za watu kama mashairi yanavyohifadhi maneno, na sheria haikatazi chombo cha elimu pale ambapo hakuna wa kukiabudu.

Nampenda Sheikh Abduh. Lakini nilipokuwa nimesimama ghorofani mikono mbele ya tumbo, sikuwa na hakika kwamba hatari imekwisha. Hakuna aliyekuwa akiomba mvua kwa picha ya Boafo, ni kweli. Kinachotukuzwa ni kingine: jina la mchoraji, bei iliyosikika mnadani, na jina la mwenye mali. Jumba zima linaitwa kwa jina la Jochen Zeitz, Mjerumani aliyewahi kuiongoza kampuni ya viatu ya Puma, kwa kuwa mkusanyo wake ndio uliolianzisha. Tofauti na sanamu za zamani ni kwamba sasa hakuna anayejua ni nani hasa anayemsujudia. Washirikina wa Makka angalau walijua majina ya miungu yao.

Sasa niwaeleze habari ya pazia, maana ndiyo iliyonishika.

Bi Aisha, mke wa Mtume, alitundika pazia lenye picha. Mtume (s.a.w.) akarudi safarini, akaliona, uso ukambadilika, akaliondoa. Hapo ndipo wengi wetu tunapomalizia kusimulia. Lakini hadithi inaendelea: pazia lile halikuchomwa wala halikutupwa. Bi Aisha alilikata akashona mto, au mito miwili, na Mtume akawa anaiegemea. Katika pokezi moja inatajwa kabisa kwamba mto ule ulikuwa bado na picha. Sababu nazo zinatofautiana. Pokezi moja inataja wale wanaojifananisha na Mwenyezi Mungu katika kuumba. Nyingine inasema picha zilikuwa zikimshughulisha katika swala. Nyingine inasema pazia lilikuwa na ndege, na kila akiingia lilikuwa likimkumbusha dunia. Na iko ile ya Zaid bin Khalid, ambaye mwenyewe ndiye aliyeipokea hadithi ya malaika na picha: wenziwe wakaenda kumtazama akiwa mgonjwa, wakakuta mlangoni kwake pazia lenye picha! Mmoja akamnong'oneza mwenzake, je, si huyu aliyetusimulia? Akajibiwa kuwa Zaid alitaja pia kwamba chapa iliyo kwenye nguo haimo katika katazo. Wanawake wa pwani, sisi na kanga zetu za tausi na kuku, tumeishi chini ya kivuli cha pazia la Zaid karne nzima bila kumshukuru.

Kutokana na mapokezi hayo, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ndivyo nguzo za madhehebu yetu, aliweka mambo mawili mbali mbali. Kuchora chenye roho hakufai, kiwe na kivuli au kisiwe nacho, kiwe kwenye nguo, sarafu au ukuta. Lakini kukitumia kilichokwisha kuchorwa kunategemea kimewekwa wapi. Kikitundikwa juu, kikapewa heshima, hakifai. Kikiwa chini, kwenye busati linalokanyagwa au mto unaokaliwa, hakina neno. Sharti ni kidunishwe.

Sharti hili nililisoma nikiwa msichana, na nimelifundisha, na halikuwahi kunitatiza. Pale ghorofani lilinikwama kooni.

Nyuso zilizonizunguka zilikuwa za nani? Za watu ambao wazee wao walidunishwa kwa karne nyingi, wengine katika mji ule ule. Nje ya madirisha ya ghala ilikuwepo ghuba walikoshushwa watumwa. Utumwa Cape ulifutwa kisheria mwaka 1834, na hata baada ya hapo waliwekwa miaka minne zaidi chini ya mabwana zao kwa jina la kujifunza kazi. Picha zao zilizochorwa na wengine mara nyingi ziliwaonyesha wakibeba trei pembeni mwa meza ya bwana. Maonyesho yale yalikusanywa ili watu hao waonekane wamekaa, wamepumzika, wamependeza, bila bwana yeyote kwenye fremu. Na mimi, Mwafrika, Mwislamu, mwalimu, ningesema nini? Kwamba picha hizi zitafaa zikishushwa chini zikakanyagwa? Nani atakayemwambia mjukuu wa mtumwa kuwa uso wa bibi yake umeruhusiwa kwa sharti la kuwekwa chini ya kiatu?

Hilo ndilo lililonisumbua, na bado naona ni zito kuliko ubishi wetu wa kawaida wa kamera na simu. Sharti la kudunisha liliwekwa dhidi ya picha zilizopewa heshima ya miungu. Halikuwekwa dhidi ya watu walionyimwa heshima ya kibinadamu. Mwanadamu ametukuzwa na Mola wake kabla hajachorwa na mtu. Ukidunisha sanamu ya Hubal, mungu wa washirikina wa Makka, humdunishi yeyote, kwa sababu Hubal hakuwahi kuwepo. Msichana mmoja niliyemwona pichani, aliyelala kwenye kochi la rangi ya machungwa, alikuwepo.

Magoti yangu ndiyo yaliyoniokoa. Katikati ya chumba palikuwa na benchi, nikakaa. Na nilipokaa mambo yalibadilika, kwa sababu waliokuwa kwenye picha nao wengi walikuwa wamekaa. Tukawa tumetazamana usawa mmoja, kama watu wa baraza mbili za mtaa mmoja, kila mtu na shughuli zake, hakuna anayemnyenyekea mwenzake na hakuna anayempita bila kumwona. Nikakaa muda mrefu. Binti yangu akaenda akarudi. Nikaanza kufikiri juu ya mto wa Bi Aisha kwa njia ambayo vitabu havikunifundisha. Wanazuoni wamesema kuegemea ni kudunisha, na wao ni wanazuoni. Lakini mimi ni mwanamke niliyeshona mito. Mto hauukanyagi. Mto unauegemea ukiwa umechoka, ukiwa nyumbani, ukiwa na mtu unayemwamini. Baina ya ukuta na kiatu kuna mahali pa tatu, na Mtume alikaa hapo.

Mbele ya benchi ilikuwa picha ya Sungi Mlengeya. Huyu ni Mtanzania, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1991, aliyekuwa mfanyakazi wa benki kabla ya kuacha na kushika brashi. Mtindo wake ni wa kushangaza kwa uchache wake. Anachora wanawake weusi juu ya turubai jeupe, na anachora ngozi tu. Nguo hazichori. Gauni ni weupe ule ule wa turubai, na weupe huo ndio pia ukuta na hewa ya nyuma. Unaona uso, shingo, mkono umetokeza, mguu umekunjwa, na katikati yake hakuna kitu. Jicho lako ndilo linalomshonea gauni. Nilitabasamu peke yangu. Katika fiqhi yetu, picha iliyokosa kiungo ambacho bila yake mtu hawezi kuishi inatoka katika makatazo. Ndiyo maana imepokewa kwamba Jibrili alielekeza sanamu ikatwe kichwa iwe kama mti. Sasa mwanamke mwenye kichwa, mikono na miguu, lakini asiye na kifua wala tumbo, ana hukumu gani? Wanafunzi wangu wakubwa wangebishana juu yake mpaka magharibi. Dada wa watu ameacha mwilini pengo la kupitisha madhehebu manne.

Juu ya paa kuna bustani ya sanamu, na vichwa vya mirija vimefunikwa kwa vioo vinene unavyoweza kutembea juu yake. Vioo hivyo vina nakshi ya herufi za kubuni zilizotungwa na El Loko, mzaliwa wa Togo. Watalii walikuwa wakitembea juu ya herufi zile bila wasiwasi, wakipiga picha viatu vyao na mwanga ulio chini. Si herufi za lugha yoyote. Hakuna aya hapo, wala jina. Hata hivyo nilizunguka kando, kwenye sakafu tupu. Sisi ambao kipande cha gazeti chenye maandishi ya Kiarabu tunakiokota njiani na kukichomeka kwenye tundu la ukuta, miguu yetu ina madhehebu yake.

Mama mkwe wa binti yangu hakuvutiwa na falsafa yangu ya benchi. Ni mwanamke wa maneno machache, amekwenda Hija kabla yangu na haniachi nisahau. Ijumaa iliyofuata alinipeleka Msikiti wa Auwal, barabara ya Dorp, msikiti wa kwanza Afrika Kusini, wa mwaka 1794, uliojengwa katika mali ya mwanamke, Saartjie van de Kaap. Imamu wake wa kwanza alikuwa Tuan Guru, mwana wa ukoo wa kifalme wa Tidore, huko Indonesia, aliyeletwa na Wadachi mwaka 1780 kama mfungwa na kuwekwa kisiwa cha Robben, kile kile kilichokuja kumfunga Mandela. Inaaminiwa kuwa katika miaka ile ya kifungo aliiandika Qurani nzima kwa mkono, kutoka kichwani. Msahafu huo upo. Uko ndani ya msikiti, mbele, katika sanduku la kioo kisichopenywa na risasi wala moto, maana wezi wamekwisha kujaribu.

Tulisimama mbele yake, yeye na mimi, mikono mbele ya tumbo, hatua moja nyuma.

Nikamwambia, huu ni msahafu uliowafundisha watoto wa watumwa alifu na be, na sasa hakuna anayeufungua. Naye akanijibu kuwa kabla ya kioo ulikuwa darini, ndani ya mfuko wa karatasi, umesahauliwa, mpaka ulipokutwa miaka ya themanini wakati msikiti unakarabatiwa. "Na huko darini," akasema, "pia hakuna aliyekuwa anaufungua." Ana haki. Kioo si adui. Kuna vitu vimepona kwa sababu ya kioo tu, na milango ya Lamu ambayo haikuingizwa makumbusho imeishia kuwa meza za kahawa katika nyumba za watu wasiojua mlango ule ulifunga chumba cha nani. Baba yangu angechagua makumbusho, nadhani, kuliko meza. Angechagua zaidi mlango ubaki mlango, mafuta ya mikono yakaendelea kuung'arisha. Lakini hilo si shauri ambalo fundi hupewa.

Ilinibidi hata hivyo nikubali kwamba nilichokiona ghalani kuhusu picha nilikiona msikitini kuhusu Kitabu. Kusimama kule kule, kunong'ona kule kule. Basi tatizo haliko katika umbo lenye roho peke yake. Kila kitu kinaweza kutundikwa. Kalenda ya muuza simiti imetundikwa, ingawa hakuna anayeitukuza isipokuwa mwenyewe akija kukagua.

Usiku ule, tukimenya viazi, nilimweleza binti yangu yote: pazia, mto, benchi, mahali pa tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Amesoma sheria, anajua kusikiliza. Kisha akasema, "Mama, hoja yako imemtetea nani?"

"Vipi?"

"Umesema Nawawi ametenganisha kuchora na kutumia. Wewe umejipatia benchi, kutumia kwako kumepata ruhusa. Lakini dada aliyechora hujamtetea. Umekaa umestarehe mbele ya kazi yake, na yeye umemwacha na hukumu yake pale pale."

Ni kweli, na nilikuwa nimeliona nikatarajia yeye hatoliona. Lipo lile la Sahaba Ibn Abbas, aliyejiwa na mtu mwenye kazi ya kuchora akilalamika kwamba hana riziki nyingine, naye akamshauri achore miti na visivyo na roho. Baba yangu aliishi kwa jibu hilo na halikumnyima chakula wala uzuri. Lakini huwezi kumjibu kwa miti mtu anayechora kwa sababu watu wa kwao walikosa kuonekana. Liko la nia pia: wapo waliosema kuwa kitisho kikali ni cha yule anayekusudia kushindana na Muumba katika kuumba. Nikamwambia binti yangu kuwa mchoraji anayeacha kifua na tumbo bila kuchora, anayeacha weupe pale ambapo angeweza kujaza, hadai ameumba mtu. Amechora alipoweza, kwingine amemwachia Mwenyewe.

"Umemuuliza?"

"Sikumuuliza. Hakuwepo."

"Basi hilo ni la kwako, Mama, si lake," akasema, akanisogezea sufuria, kwa kuwa viazi vyangu nilikuwa navimenya nene.